Somo la Kujadili: Mlolongo na Dhamiri

Tusome: Kutoka 23:2

Mwaka 1988 wanachama wa KANU, chama pekee nchini Kenya wakati huo, waliteua wagombea ubunge kwa mlolongo. Kila mmoja alipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wake. Aliyefikisha asilimia 70 alipita bila kupingwa. Chifu, mwajiri na jirani walimwona kila mtu aliposimama. Na watu wakishatawanyika, hapakuwa na karatasi za kuhesabu upya. Viongozi wa makanisa walipinga, na mwaka 1990 chama kikauacha utaratibu huo.

Tunajifunza kwamba utii kwa chama usizidi dhamiri.

Maswali:
1. Kamati yetu huchagua viongozi kwa kunyoosha mikono?
2. Ni nani huogopa kunyoosha wake?