Dada, babu ametuachia saa ya Kifaransa

Mdogo wangu wa Mlimba, ujumbe wako nimeusoma na picha nimeziona. Poleni kwa msiba wa babu. Umesema kabatini mwake mmekuta saa ya mezani, nzito, ya rangi ya dhahabu, juu yake ameketi mwanamke mwenye kitabu mkononi. Mjomba anataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya arobaini, na wewe unaniuliza ufanye nini.

Kwanza, saa hiyo isikaribie mizani. Mnunuzi wa chakavu analipa kilo za shaba, na kilo zake hapo ni chache. Thamani ya kitu cha namna hii imo katika mikono iliyokitengeneza, na mikono hiyo bado hamjaijua.

Jina mliloliona usoni, katikati ya tarakimu, aghalabu ni la mwenye duka aliyeiuza Paris. Aliyetengeneza mashine ameacha muhuri nyuma. Fungua kifuniko cha nyuma taratibu, mulika kwa tochi ya simu, utafute alama ya duara iliyogongwa kwenye bamba. Ukisoma Japy Frères, umefika kwenye ukoo mkubwa wa saa. Frédéric Japy alizaliwa mwaka 1749 huko Beaucourt, mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Yeye alibuni mitambo ya kukata magurudumu na vipande vya saa, hata kazi iliyokuwa ya fundi bingwa peke yake ikawezekana kufanywa na wanakijiji wa kawaida. Wanawe walipoipokea ndipo ikaitwa Japy Frères, yaani Ndugu Japy. Majina mengine utakayoweza kuyakuta ni S. Marti na Vincenti. Na mwaka ulioandikwa kwenye muhuri, tuseme 1855, usikudanganye: huo ni mwaka wa medali waliyopewa kwenye maonyesho, wakaendelea kuuchapa miaka mingi baadaye.

Hao ni wa mashine tu. Sanamu ya mwanamke ina mchongaji wake, ina kiwanda kilichomimina bronzi, tena ina fundi aliyetia dhahabu. Huyu wa mwisho ndiye ninayemhurumia. Kabla ya dhahabu ya kutiwa kwa umeme, iliyoenea kuanzia miaka ya 1840, fundi alichanganya dhahabu na zebaki, akapaka, kisha akachoma moto mpaka zebaki iondoke kwa moshi na dhahabu ibaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa kwetu Tanzania wanaijua njia hiyo, na madhara yake ni yale yale: mikono inatetemeka, akili inaharibika. Mtu alilipia ule mng'ao kwa afya yake.

Ndiyo maana nakukataza kabisa kuisugua. Najua sufuria za shaba kwetu zinang'arishwa kwa majivu na ndimu, na madukani kuna dawa za chupa. Dhahabu ya saa ni utando mwembamba mno. Ukiusugua umeondoka na haurudi. Pangusa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, basi. Bonde la Kilombero lina unyevu mwingi, hasa masika, kwa hiyo iweke juu, mbali na ukuta unaovuja.

Kujua kama ni bronzi kweli, tazama chini ya kitako, mahali pasipoonekana, penye mkwaruzo wa zamani. Ikiwa chuma cha ndani ni cha njano, ni bronzi au shaba nyingine. Ikiwa ni cha kijivu, ni zinki iliyopakwa, nayo ilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya wenye kipato cha kati. Hata hiyo si ya kutupa.

Mkitaka kumpelekea fundi Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA, ng'oeni kwanza pendulamu, ifungwe peke yake kwenye kitambaa. Saa inayosafirishwa na pendulamu ikining'inia huvunjika kile kiungo chembamba kinachoibeba. Na mtu asirudishe mishale nyuma kwa nguvu. Isukumeni mbele, mkiacha kengele igonge kila ifikapo saa na nusu saa.

Sasa la mjomba. Ni mtoto wa marehemu, sawa, lakini mama yako naye ni mtoto wa marehemu. Mali ya babu haiuzwi na mmoja kwa sababu yeye ndiye aliyeifikia kwanza. Kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo inamteua, na yeye ndiye anayeorodhesha mali kabla ya kitu kugawanywa au kuuzwa. Mwambie mjomba kwa adabu, mbele ya mama na wazee, bila kupandisha sauti, kwamba saa iingie kwenye orodha hiyo. Baadaye wote wakikubaliana iuzwe, iuzwe kwa anayejua vitu vya kale, fedha igawanywe kwa haki. Mimi ningependa ibaki nyumbani.

Nitumie picha nyingine, mdogo wangu. Safari hii usipige uso wa saa. Piga mgongo wa mashine, karibu, muhuri usomeke.