Mdogo Wangu, Anza na Cheti

Mdogo wangu uliyevaa gwanda la jeshi la Marekani, leo tuongee mkopo wa nyumba. Naumia nikikuona unakwenda kwa mkopeshaji na bahasha nene ya makaratasi, kisha unaambiwa urudi wiki ijayo na mengine.

Karatasi ya kuanzia ni moja: cheti cha ustahiki cha VA. VA, idara ya wanajeshi wastaafu, kwa kawaida haikukopeshi. Inakudhamini kwa mkopeshaji, utaratibu ulioanza kwa sheria ya mwaka 1944. Cheti hicho unaweza kukiomba mwenyewe mtandaoni, au afisa wa mikopo akakitoa kwenye mfumo wa VA, mara nyingi kwa dakika chache.

Kikifika, tafadhali kisome. Tafuta panapoeleza kama umesamehewa ada ya VA. Anayepokea fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi hatozwi. Mwingine, akitumia mkopo huu mara ya kwanza bila kutanguliza chochote, kwa kawaida hutozwa asilimia 2.15 ya mkopo. Kwa dola 300,000 hiyo ni dola 6,450, na wengi huijumlisha kwenye mkopo wakailipia riba miaka 30. Usikubali kulipa kisichokuhusu!

Zamani mkopeshaji alituma fomu 26-8937 kuuliza VA kama unapokea fidia au unadaiwa. Siku hizi, kwa wengi, cheti chenyewe kinajibu. Ukiambiwa fomu hiyo inasubiriwa, uliza kwa adabu: cheti kimesemaje?

Dai lako la ulemavu bado halijaamuliwa? Mwambie afisa kabla ya kusaini. Fidia ikikubaliwa baadaye, ikahesabiwa tangu kabla ya siku ya kufunga mkopo, una haki ya kudai ada irudishwe.

Na majina yetu haya, la baba, la babu, mara limekatwa, mara limegeuzwa! Linganisha majina kwenye DD 214 (hati ya kumaliza utumishi), leseni na cheti cha uraia mapema, na uwe na hati inayoeleza tofauti. DD 214 ikipotea, mstaafu huomba nakala bure kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya St. Louis.

Wewe wifi yangu uliyefiwa, kama VA inakulipa fidia ya mjane, unaweza kupata cheti kwa jina lako, na ada hutozwi. Kiombe kabla hujakubali mkopo mwingine wowote.