Istilahi za Kemia ya Uso: Mgusano na Utenduzi katika Vitenzi vya Kiswahili, kwa Mifano ya Mwambao wa Kigoma na Ujiji

1.0 Utangulizi

Kemia ya uso ni tawi la sayansi linalochunguza mambo yanayotukia pale gesi au kioevu kinapogusana na yabisi. Tawi hili ndilo linaloeleza utendaji wa vichocheo vingi vinavyotegemewa katika nishati safi, kama vile vile vinavyosaidia kutenganisha maji ili kupata haidrojeni na vile vinavyosafisha moshi wa magari. Hata hivyo, mwalimu anayetaka kulifundisha kwa Kiswahili hujikuta ama anakopa kila neno, ama anatumia neno moja kwa dhana mbili zinazopingana.

Makala haya yanadai kwamba tatizo hili halitokani na umaskini wa lugha. Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili una zana zinazolingana na dhana kuu za kemia ya uso, na shughuli za kila siku za watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika zina mifano inayotosha kuzifafanua.

2.0 Tatizo la neno "kichocheo"

Neno "kichocheo" limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya sayansi. Udhaifu wake ni wa kisemantiki. Anayechochea moto husukuma kuni ndani na kuongeza nguvu. Anayechochea ugomvi huongeza hasira. Mwanafunzi huingia darasani na maana hiyo, akadhani kwamba kichocheo hutia nishati katika mmenyuko. Sivyo. Kichocheo huupa mmenyuko njia nyingine yenye kizingiti kifupi zaidi, na mwisho wake hubaki kama kilivyokuwa. Aidha, waandishi wa masuala ya afya hulitumia neno hilohilo kwa maana ya homoni.

Mfano mwafaka unapatikana Kigoma, mkoa unaosifika kwa michikichi. Watengenezaji wa sabuni huchanganya mawese au mafuta ya mise na kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji. Soda hiyo huingia katika sabuni na kuwa sehemu yake. Kwa hiyo si kichocheo, bali ni kimojawapo cha vitu vinavyomenyuka. Mawese hayohayo yakichanganywa na methanoli pamoja na soda kidogo sana, hupatikana dizeli ya mimea na gliserini. Hapa soda ni kichocheo, kwa sababu mmenyuko hauihesabu katika mazao yake. Mafuta ni yaleyale na soda ni ileile, lakini dhima ni tofauti. Mwalimu akianza na jozi hii, neno "kichocheo" linaweza kubakizwa bila kupotosha.

Ni kweli kwamba soda hiyo huyeyuka katika methanoli, na kwa hiyo haina uso wa kuchunguzwa. Vichocheo vinavyotuhusu katika sehemu zinazofuata ni vile vya yabisi, mathalani nikeli, madini yanayopatikana Kabanga wilayani Ngara, katika mkoa jirani wa Kagera. Nikeli hutumika kuongeza haidrojeni katika mafuta ya mimea na pia katika kutenganisha maji kwa umeme.

3.0 Kufyonza na kuambata

Dhana ya msingi katika kemia ya uso ni chembe kushika juu ya yabisi bila kuzama ndani yake. Mara nyingi dhana hii huitwa "kufyonza", neno linalofaa sifongo inayoingiza maji mwilini mwake. Kutumia neno moja kwa dhana zote mbili ni kufuta tofauti ambayo somo zima limejengwa juu yake. Neno "mnato" nalo haliwezi kuazimwa, kwa kuwa linatumika katika fizikia kwa ukinzani wa kioevu dhidi ya mtiririko.

Tunapendekeza "uambataji". Kitenzi "ambata" kina kiambishi -at-, ambacho katika vitenzi kama "kamata", "fumbata" na "pakata" hubeba dhana ya mgusano wa vitu viwili. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina kauli ya kutendua, kama katika "funga" na "fungua" au "ziba" na "zibua". Kwa kanuni hiyo tunapata "ambatua" na "uambatuaji", yaani chembe kuondolewa usoni. Jozi hii ya kimofolojia inalingana kikamilifu na jozi ya kisayansi. Inaweza kupingwa kwamba sarufi ina "neno ambatani". Lakini nyanja mbili tofauti zinaweza kutumia mzizi mmoja bila kuleta utata.

Katika mialo ya Kibirizi na Katonga, dagaa walioanikwa mchangani huambatwa na mchanga. Wakitiwa chumvi, chumvi hupenya nyamani. Mnunuzi hahitaji kamusi kuzitofautisha hali hizo mbili: mchanga u usoni, chumvi i ndani. Ndiyo maana dagaa wa vichanja huthaminiwa zaidi. Tena, mchanga ulioshika samaki aliyekwisha kukauka hudondoka kwa kutikiswa, ilhali ule ulioshika angali mbichi hukaidi. Tofauti hii inatusaidia kueleza kwa mlinganisho aina mbili za uambataji: ule wa kifizikia, ulio dhaifu, na ule wa kikemia, ulio imara.

4.0 Mbinu za uchunguzi

Mbinu za kuchunguza uso ni nyingi, lakini zinaweza kupangwa kwa maswali matatu.

Swali la kwanza ni: kuna nini usoni? Hujibiwa na spektroskopia ya fotoelektroni, iliyomletea Kai Siegbahn wa Sweden Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Eksirei hupigwa juu ya sampuli, elektroni zikatoka, na nishati yake ikabainisha elementi zilizopo na hali zake za kikemia. Elektroni za kina hupoteza nishati kabla ya kutoka. Hivyo taarifa hutoka katika nanomita chache za juu tu.

Swali la pili ni: chembe zimepangwaje? Hujibiwa na hadubini ya kupenyeza elektroni, iliyobuniwa mwaka 1981 na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer huko Zürich. Ncha kali sana hupitishwa karibu na uso bila kuugusa, na mkondo mdogo wa umeme huchora ramani ya atomu.

Swali la tatu ni: zimeshika kwa nguvu kiasi gani? Hapa sampuli hupashwa joto polepole huku gesi zinazotoka zikipimwa. Jina letu ni "uambatuaji kwa joto pandishi". Kadiri chembe inavyohitaji joto kubwa zaidi ili kuachia, ndivyo ilivyoshika kwa nguvu zaidi.

Nyingi za mbinu hizi hufanyika katika ombwe kuu, kwani hewa ya kawaida ingefunika uso safi kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho.

5.0 Kushika na kuachia

Paul Sabatier, mshindi wa Nobel ya mwaka 1912, alituachia kanuni kwamba kichocheo bora hakishiki kwa ulegevu wala kwa ukaidi. Kikilegea, chembe hazikutani. Kikikaidi, mazao hayatoki na uso hujaa. Salfa ni sumu kwa nikeli kwa sababu huambata bila kuambatuka. Gerhard Ertl, aliyepata Nobel mwaka 2007, alizionyesha hatua hizi moja baada ya nyingine katika utengenezaji wa amonia juu ya chuma: naitrojeni huambata, hukatika, hupokea haidrojeni, kisha amonia huambatuka.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba "ambata", "ambatua" na "ambatuka" huunda mfumo, wala si orodha ya maneno yaliyookotwa. Istilahi ya mkopo humfundisha mwanafunzi jina moja. Istilahi ya mnyambuliko humfundisha jina pamoja na uhusiano wake na mengine. Kijana wa Ujiji aliyekung'uta mchanga kwenye dagaa na kumwona mama yake akipika sabuni ya mawese amekwisha kuyaona mambo yanayofanana na misingi ya somo hili. Asipoelezwa hivyo kwa lugha yake, ataiona sayansi ya nishati kama jambo la wengine. Tunawahimiza wanaistilahi wakae meza moja na wanakemia, wazijaribu istilahi hizi darasani kabla ya kuzisanifisha.