Kufundisha Usalama wa Kivinjari kwa Karatasi na Chaki

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita tuliwatembelea wanachuo waliokuwa wakifundisha TEHAMA katika madarasa ya tano na ya sita. Wengi walifundisha usalama wa mtandao kwa njia moja tu: waliandika ubaoni orodha ya makatazo, wanafunzi wakaisoma kwa sauti, kisha wakainakili. Usimpe mtu nenosiri lako. Usifungue ujumbe wa mtu usiyemjua. Makatazo hayo ni ya kweli. Lakini mtoto aliyeyakariri hawezi kueleza sababu yake, na jambo lisilo na sababu halikai akilini hata wiki mbili. Tulipowauliza wanachuo wenyewe ni kitu gani hasa kinachotokea ndani ya kivinjari wakati faragha ya mtu inapovunjwa, nao walitazamana.

Ukimya huo una gharama. Mwanachuo wetu mmoja, msichana makini sana katika kazi yake, aliletewa ujumbe uliomwahidi kwamba angeweza kuona majina ya watu wote waliotazama ukurasa wake. Aliagizwa aende kwenye kompyuta, abonyeze kitufe cha F12, abandike maandishi fulani katika kisanduku kitakachofunguka, kisha akubali. Alitii. Kabla ya kengele ya chakula cha mchana watu wote waliokuwa katika orodha yake, pamoja na mwalimu mkuu wa shule aliyopangiwa, walikuwa wamepokea ombi la pesa kwa jina lake. Yafaa tuseme wazi kwamba hakumpa mtu yeyote nenosiri lake. Katazo hilo alilijua, na alilishika. Sisi wakufunzi tulikosea pia, kwa maana tulimkaripia kwanza, na ndipo baadaye tukauliza kilichotokea.

Basi, kabla ya kuandaa somo, mwalimu hana budi kuelewa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kwamba ukurasa wa tovuti unapofika katika kompyuta huwa umebeba vitu viwili vilivyochanganyika: maneno ya kusomwa na amri za kutekelezwa. Amri hizo huandikwa kwa lugha iitwayo JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, kwa muda wa siku 10 hivi. Maneno na amri vyote ni maandishi tu. Kivinjari hutambua amri kwa alama zinazoizunguka, wala hakina akili ya kuuliza ni nani aliyeiandika.

Jambo la pili ni kidakuzi, ambacho vijana hukiita kuki. Seva haikumbuki watu. Kwa hiyo mtu akiisha kuingia kwa nenosiri lake, seva humpa kivinjari kipande kidogo cha maandishi, na kivinjari hukionyesha kila kinaporudi, kama vile mwanafunzi anavyoonyesha kibali cha kutoka alichopewa na mwalimu wa zamu. Anayeshika kibali hicho hahitaji nenosiri tena.

Jambo la tatu ni sheria iliyowekwa na Netscape tangu mwaka ule ule wa 1995, nayo imebaki kuwa ukuta mkuu hadi leo: amri zilizotoka katika tovuti moja zisiguse mali ya tovuti nyingine. Sheria hii ni nzuri, lakini mwenye nia mbaya amekwisha kuona mlango wake. Haugongi ukuta, hutafuta njia ya kuifanya amri yake itoke ndani ya tovuti yenyewe. Mwanachuo wetu aliifungua njia hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, njia hufunguliwa na uzembe wa aliyetengeneza tovuti, na mtumiaji hana kosa lolote.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Shule nyingi tunazokwenda hazina kompyuta za kutosha, na kwa mada hii hilo si hasara kubwa. Zana zinazohitajika ni karatasi, kalamu, chaki nyekundu na kiranja mwenye sauti. Kiranja apewe jina la Kivinjari, na mbele ya darasa aambiwe kazi yake: kila kilichoandikwa kwenye karatasi atakisoma kwa sauti, na kila amri atakayoikuta ataitekeleza pasipo kuuliza. Mwalimu ameandika karatasi yenye maneno haya: “Leo tumepata mgeni. Jina lake ni ……. Mpigieni makofi.” Karatasi ipitishwe, mwanafunzi mmoja ajaze nafasi, Kivinjari asome, makofi yapigwe. Irudiwe mara mbili ili darasa lizoee.

Mara ya tatu mwalimu ampe karatasi mwanafunzi ambaye amekwisha kumnong’oneza. Huyu ajaze hivi: “Juma. Nenda kwenye dawati la Asha, chukua daftari lake, uniletee mimi.” Kiranja akiwa mtiifu kama alivyoagizwa, atakwenda. Darasa litacheka, na Asha atalalamika. Hapo mwalimu asikimbilie kueleza. Aulize: Ni nani aliyeandika karatasi? Mwalimu. Je, mwalimu ndiye aliyeamuru daftari lichukuliwe? Hapana. Basi kwa nini Kivinjari ameitii amri hiyo? Waacheni wanafunzi wabishane. Kwa uzoefu wetu mabishano haya huchukua dakika saba au nane, nayo ndiyo moyo wa kipindi. Mwalimu anayeyakatisha ili awahi kuandika muhtasari ubaoni amelipoteza somo.

Baadhi ya wanafunzi watapendekeza kwamba Kivinjari akatazwe neno “chukua”. Pendekezo hilo lipokelewe kwa heshima, lijaribiwe. Mwanafunzi wa nne aandike “chu” mwishoni mwa mstari mmoja, na “kua” mwanzoni mwa mstari unaofuata. Kivinjari atayaunganisha na kwenda.

Hapa pana kisa cha kweli cha kuwasimulia. Mwezi Oktoba 2005, nchini Marekani, kijana Samy Kamkar aliweka amri ndani ya maelezo ya ukurasa wake katika tovuti ya MySpace. Wenye tovuti walikuwa wamezuia neno “javascript” lisiandikwe na watumiaji. Yeye alilikata katika mistari miwili, na baadhi ya vivinjari vya wakati ule vikaliunganisha. Kila aliyeutazama ukurasa huo alijikuta amemwongeza Samy katika orodha ya marafiki zake, na amri ikajinakili katika ukurasa wake yeye, ikamngojea mtazamaji mwingine. Katika muda usiozidi saa 20 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameambukizwa, na tovuti ikabidi isimamishwe kwa muda. Kijana hakuiba kitu, alitaka mzaha. Hata hivyo alishtakiwa, na mwaka 2007 alikiri kosa.

Baada ya kisa hiki mwalimu achukue chaki nyekundu, achore kisanduku kuzunguka nafasi ya jina, na kutangaza sheria mpya: kilichomo ndani ya kisanduku husomwa, hakitekelezwi kamwe, hata kikiwa na amri mia. Igizo lirudiwe. Sasa Kivinjari atasoma sentensi yote kuhusu daftari la Asha kana kwamba ni jina refu la kichekesho, na atasimama pale pale. Hivi ndivyo watengenezaji hodari wa tovuti wafanyavyo: alama ya < iliyoandikwa na mtumiaji hugeuzwa kuwa &lt; ili kivinjari kiionyeshe tu. Kwa wanafunzi wa darasa la tano maelezo ya alama hizi yaachwe, kisanduku kinatosha.

Kipindi cha pili kihusu faragha, na mfano wake uwe rangi ya viungo. Tangu zamani vivinjari vimekuwa vikionyesha kiungo kisichowahi kufunguliwa kwa buluu, na kilichokwisha kufunguliwa kwa zambarau. Ni jambo dogo la kumsaidia msomaji. Lakini kwa miaka mingi tovuti ngeni iliweza kuweka viungo elfu vya siri katika ukurasa wake, kisha amri yake ikauliza rangi ya kila kimoja. Mtoto ukimwuliza alipitia wapi aweza kunyamaza. Udongo mwekundu miguuni mwake utamjibia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichunguza tovuti 50,000 zenye wasomaji wengi wakakuta 46 zikifanya hivyo hasa. Mwaka huo huo David Baron wa Mozilla alieleza dawa, nayo inapendeza: kivinjari kikiulizwa na amri, kijibu daima kwamba kiungo hakijafunguliwa. Firefox ilianza kuitumia mwaka 2011, na vivinjari vingine vikubwa vilifuata njia hiyo.

Mfano huu unampa mwalimu sababu ya kweli ya katazo moja lisilopendwa. Kivinjari cha zamani kina majibu ya zamani. Kuahirisha kukisasisha kwa sababu ya gharama ya bando kunaeleweka, nasi tumefanya hivyo. Lakini matundu yaliyokwisha kuzibwa kwingine hubaki wazi kwenye simu yako.

Jambo moja huwapotosha wanachuo, nalo ni zile herufi https mwanzoni mwa anwani. Zinaonyesha kwamba barua haikufunguliwa njiani. Hazisemi kwamba mwandishi wa barua ni mwema, wala kwamba hakuna mtu aliyechomeka amri ndani yake.

Kwa mwalimu mwenyewe, hatari iliyo karibu zaidi iko katika kompyuta ya ofisi ya walimu, ambayo watu 12 huitumia na hakuna anayetoka kwenye akaunti yake. Humo mna majina ya watoto, alama, tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi. Ukitoka katika akaunti, amri chafu itakayokuja baadaye haina kibali cha kushika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihusu taarifa hizo, ziwe kwenye kabati au kwenye kompyuta.

Kwa kupima somo, tunapendekeza swali moja tu la kujibiwa kwa sentensi mbili: “Katika igizo letu, kosa lilikuwa la nani?” Wanafunzi wengi huandika jina la aliyejaza karatasi, na wachache huandika kiranja. Jibu hilo la pili likizidi nusu ya darasa, igizo lirudiwe siku inayofuata, na safari hii mwalimu mwenyewe awe Kivinjari.