Usuli wa Familia, Akili na Elimu: Mitego ya Kitakwimu katika The Bell Curve

1.0 Utangulizi

Mwaka 1994 kilichapishwa nchini Marekani kitabu cha Richard Herrnstein na Charles Murray kiitwacho The Bell Curve. Dai lake kuu ni kwamba akili ya kijana huamua mafanikio yake ya baadaye kuliko hali ya kiuchumi na kijamii ya wazazi wake. Uzito wa dai hilo si wa kinadharia tu, kwani likikubaliwa, juhudi za kuwainua watoto wa maskini zitaonekana kuwa hazina tija. Makala haya yanajadili mitego mitatu ya kitakwimu iliyomo katika ulinganisho huo.

2.0 Mitego

2.1 Makosa ya kipimo

Data zilitokana na uchunguzi wa vijana 12,686 ulioanza mwaka 1979. Akili ilipimwa kwa mtihani ambao majeshi ya Marekani huutumia kuchuja waombaji. Hali ya familia ilikadiriwa kwa elimu ya baba, elimu ya mama, kipato na kazi. Charles Spearman alikwisha kubainisha mwaka 1904 kwamba kipimo chenye makosa hupunguza uhusiano unaoonekana. Ichukuliwe kuwa uhusiano halisi baina ya hali ya familia na miaka ya masomo ni 0.60. Iwapo uthabiti wa kipimo cha familia ni 0.70, na miaka ya masomo imepimwa bila kosa, uhusiano utakaoonekana ni takriban 0.50. Upungufu huo hautokani na familia, bali na kipimo chenyewe.

2.2 Mambo yaliyoachwa

Usuli wa familia ni zaidi ya mambo manne. Kwa mfano, kulelewa na mzazi mmoja hakukuingizwa katika kipimo hicho.

2.3 Mfuatano wa sababu na matokeo

Mtihani ulitolewa mwaka 1980, vijana wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 23. Baadhi yao walikuwa wamesoma miaka mingi kuliko wenzao. Hivyo, alama zao kwa kiasi fulani ni zao la shule. Kuzitumia kuelezea kiwango cha elimu ni kuyageuza matokeo kuwa sababu.

3.0 Hitimisho

Mwaka 1995 Sanders Korenman na Christopher Winship walizichambua upya data hizo, wakilinganisha pia ndugu waliolelewa nyumba moja. Makadirio ya athari ya akili hayakubadilika sana. Kilichobadilika ni nafasi ya familia, ambayo ilidhihirika kuwa na uzito usiopungua ule wa akili. Kwa hiyo kosa la msingi halikuwa kuikweza akili, bali kuidunisha familia. Kabla ya kulinganisha nguvu za vigezo viwili, mtafiti hana budi kuthibitisha kwamba vimepimwa kwa usahihi unaokaribiana.