Dawa Tupu na Moyo wa Mgonjwa

Somo: Zaburi 116, Waefeso 4:25

Tuwatembeleapo wagonjwa wa akili, jamaa zao hutuuliza, "Je! si vema tumpe kidonge kisicho na dawa, tumwambie ni dawa, ili atulie?" Waulizao hivi hawana nia mbaya; wamechoka, nao wampenda mgonjwa wao. Basi na tulipime neno hili.

1. Jina lake. Madaktari huita kitu hicho plasebo. Neno hili latoka katika Biblia ya Kilatini, Zaburi 116 mstari wa 9, na maana yake ni "Nitapendeza." Zamani huko Ulaya liliimbwa katika sala za wafu. Wako walioimba kwa kutamani chakula cha matanga tu, hata "kuimba placebo" kukawa maana yake kujipendekeza. Hivyo neno la kumpendeza Mungu likageuka kuwa neno la kuwapendeza wanadamu.

2. Nguvu yake. Mwaka 1784 Louis XVI, mfalme wa Ufaransa, aliwaagiza wataalamu, naye Benjamin Franklin miongoni mwao, wauchunguze uganga wa Franz Mesmer, aliyedai kuponya kwa nguvu isiyoonekana. Mfuasi wake Deslon akautia mti mmoja bustanini nguvu hiyo. Kisha kijana wa miaka 12 akafungwa macho, akapelekwa kwenye miti mingine. Alipofika mti wa nne, usiotiwa kitu, akazimia. Kuzimia kwake kulikuwa kweli. Nguvu ya mti haikuwako.

Nafuu nayo huja vivyo hivyo. Katika majaribio ya dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, yapata theluthi moja au zaidi ya wapewao vidonge vitupu huonekana kupata nafuu. Wengine wangalipata nafuu kwa kupita siku tu. Wengine husaidiwa na kutunzwa, kusikilizwa na kutumaini. Wala mtu asiseme kwamba ugonjwa wao ulikuwa wa kujifanya, kwa maana hata maumivu ya mwili hupungua hivyo.

3. Mpaka wake. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya majaribio 65 ya wagonjwa wa skizofrenia waliokwisha kutulizwa na dawa. Katika mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia 27 katika kila 100 walioendelea na dawa. Lakini waliobadilishiwa plasebo, uliwarudia 64 katika kila 100. Basi amwondoleaye mgonjwa dawa yake na kumpa maji, mafuta au kidonge kitupu, amtia hatarini, ijapokuwa afanya hivyo kwa jina la imani.

4. Kweli yatosha. Mwaka 2010, huko Boston, Marekani, Ted Kaptchuk na wenzake waliwachukua watu 80 wenye ugonjwa wa matumbo. Wengine waliwapa vidonge vitupu, wakiwaambia waziwazi kwamba ndani hamna dawa, ila huenda vikawasaidia. Baada ya majuma 3, watu 59 katika kila 100 wa hao walisema wamepata nafuu ya kutosha; wa wale wasiopewa, 35. Ugonjwa ule si wa akili, lakini twajifunza kwamba nafuu haihitaji uongo sikuzote.

Na mgonjwa wa akili mara nyingi huogopa kwamba watu wamfanyia hila. Siku atakapogundua kwamba ni kweli, hatamwamini tena daktari wala mzee wa kanisa. Hata dawa ya kweli ataikataa.

Basi jibu letu kwa jamaa ni hili: lile jema lililomo katika dawa tupu twaweza kumpa mgonjwa bila hila. Twende kwake, tuketi naye, tumsikilize, tumtie matumaini. Tumhimize kunywa dawa aliyopewa na daktari, na ikimsumbua, tumrudishe kwa daktari. Tuombe pamoja naye, wala tusimwambie kamwe kwamba sala ni badala ya dawa.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini wema wa nia hautoshi kuhalalisha uongo?
2. Ni mgonjwa gani wa akili katika mtaa wetu ambaye hajatembelewa mwezi huu, na nani atakwenda?