Toka Pinterest, Shuka Posta: Vidokezo kwa Wasanifu Michoro

Mpe msanifu michoro wa Dar kazi ya nembo ya mgahawa wa pilau, na jambo la kwanza atafungua Pinterest. Ndiyo maana mtaa mmoja una migahawa mitatu yenye kofia ileile ya mpishi na uma uleule uliopishana na kisu. Kilichoko kwenye simu yako, wenzako wote wameshakiona asubuhi hiyohiyo. Nauli ya daladala ni nafuu kuliko bando la wiki, kwa hiyo shuka Posta, tembea kwa miguu hadi Kariakoo, na ufanye haya.

1. Anzia kwenye kanga, Mtaa wa Uhuru. Hapa usiwe na haraka. Kanga ina pindo, mji na jina, na wachoraji wake wamekuwa wakipanga vitu hivyo vitatu kwa zaidi ya miaka mia moja. Simama pembeni uangalie wanunuzi. Wengi wanasoma jina kwanza, wanacheka au wanaguna, kisha ndipo wanauliza rangi nyingine. Maneno machache, herufi kubwa zisizo na madoido, yamekaa mahali ambapo jicho halina budi kupita. Halafu fikiria kanga ikishafungwa kiunoni: sehemu ya mji inamezwa na mikunjo, pindo linabaki likionekana, na bado unajua ni kanga gani. Mchoraji alilijua hilo kabla ya kugusa karatasi. Nembo yako nayo itakunjamana kwenye fulana, itabandikwa ubavuni mwa bajaji na itaminywa iwe kiduara cha WhatsApp. Umeijaribu huko kote?

Ukimaliza kuangalia, muulize muuzaji nani kachora. Atakutajia kiwanda au tajiri. Kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya biashara iliyoanza 1887, zinajulikana pwani nzima kwa alama ya Mali ya Abdulla. Mwenye mali tunamjua. Aliyechora maua ya kanga hizo hatumjui, na mimi naona hiyo ni dhuluma ya kimyakimya iliyodumu mno.

2. Inua macho. Soko la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Paa lake ni miamvuli ya zege iliyopinduliwa, umbo moja linalorudiwa mpaka linakuwa sura ya soko zima. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo vibaya, lakini ukimwambia mtu wa Dar akuchoree Kariakoo kwa mistari mitano, miwili itakuwa ya miamvuli hiyo. Huo ndio mtihani wa nembo. Ukirudi upande wa Kisutu na Mtaa wa India, soma majina na miaka iliyofinyangwa kwa saruji juu ya maghorofa ya zamani. Kuna herufi pale ambazo hazimo kwenye kompyuta yako.

3. Ingia Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Omba magazeti ya zamani, kaa chini. Tafuta katuni za Chakubanga za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, uone jinsi mhusika mmoja alivyobeba mzaha wa enzi nzima ya Ujamaa. Tafuta jarida la Sani na kazi za Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana. Kisha Kingo wa James Gayo, kisha Masoud Kipanya. Hawa hawakuwa na nafasi ya kupoteza: kiboksi kidogo, wino mweusi, karatasi mbaya, na msomaji aliyesimama kituoni akisubiri basi. Ukiweza kueleweka katika hali hiyo, bango la mita sita halitakushinda. Na tazama pembeni ya kila katuni: jina la mchoraji lipo.

4. Jifunze rangi zenye wenyewe. Daladala zina mistari ya rangi inayoonyesha njia, na abiria anaiona kabla hajasoma kibao. Kisha kuna timu za Simba na Yanga. Ukimpelekea mteja wa Jangwani, yaani wa Yanga, kazi yenye nyekundu na nyeupe tupu, rangi za Simba, jiandae kwa kikao kirefu.

5. Punguza makopo ya rangi. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya ubao. Alifariki 1972, baada ya miaka michache tu ya uchoraji, na ameacha mtindo unaotambulika hata ukiuona kwa mbali. Jipe rangi nne kwa kazi nzima. Ukitaka kuona mtindo huo ukiendelea, panda gari la Masaki, ushuke Oysterbay kwa wachoraji wenyewe.

6. Omba kabla ya kupiga picha. "Samahani kaka, naomba nipige picha ya bango lako" inatosha, na kwa mzee anza na shikamoo. Ikulu na maeneo ya ulinzi usijaribu kabisa. Kariakoo, simu ikishamaliza kazi irudi mfukoni, ule wa mbele.

7. Intaneti si haramu, ila fuata watu. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, ni mzaliwa wa Dar aliyejijengea jina Nairobi. Soma katuni zake kwa mfululizo uone mstari unavyokomaa. Kundi la Wachata la hapahapa Dar liliipeleka graffiti ukutani kabla kampuni hazijaanza kuipenda. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe aliacha kazi New York, akarudi Harare kufungua chuo cha usanifu cha ZIVA mwaka 1999, kisha akatoa kitabu kuhusu maandishi ya Kiafrika mwaka 2004. Ukishamjua mtu, kazi zake ishirini zitakufundisha kuliko picha elfu zisizo na mwenyewe.

8. Ukichukua, badilisha. Mpangilio wa kanga unaweza kuuazima. Ua la kanga la mtu, hapana. Kazi ya sanaa ina hakimiliki, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa ajili hiyo.

9. Weka jina. Kwenye bango lako lijalo, andika jina lako pembeni, chini kulia. Mteja akilalamika, punguza ukubwa wa herufi, lakini usilifute.